Gari la Mbao la Eastlands

Fundi wa soko la Gikomba, Nairobi, akiombwa gari dogo la mbao lenye ekseli moja, haulizi maswali mengi. Ng'ambo, gari la namna hiyo huundwa uani na mtu anayetaka kulifunga nyuma ya motokaa yake, aende nalo msituni na kulala humo siku mbili tatu. Eastlands, upande wa mashariki wa Nairobi, linaitwa mkokoteni, nalo linavutwa na binadamu. Linabeba viazi, marobota ya mitumba, mabati, mitungi ya maji, na vyombo vya familia inayohama kutoka Shauri Moyo kwenda mtaa mwingine. Kulaliwa nalo linalaliwa: mahamali wanaosubiri malori ya mboga yafike soko la Marikiti kabla ya mapambazuko hujinyoosha juu ya mbao zile zile za kazi, wakajifunika magunia, kwa kuwa anayelala mbali, Dandora au Kayole, hawezi kuwahi kushusha mzigo saa tisa za usiku.

Historia ya Nairobi imezoea kusimuliwa kwa reli, kisha kwa motokaa na barabara za lami. Wanaosimulia hivyo huwaruka watu wengi mno. Mzigo ulioshuka garini ulikuwa bado haujafika dukani, na kipande hicho cha mwisho cha safari, tangu siku ya kwanza ya mji huu hadi leo, kimekuwa kazi ya mabega. Mkokoteni ndio chombo ambacho wenye mabega hayo walijiundia wenyewe, kwa vitu ambavyo wengine walikwisha kuvitupa. Kwa hiyo unastahili historia yake, nayo inaanza mbali na Nairobi.

Kabla ya reli, mali yote iliyotoka pwani kwenda bara ilipanda vichwani na mabegani. Mpagazi wa msafara alibeba ratili 60 hivi, karibu kilo 27, na juu ya hizo alikuwa na mkeka wake, posho yake na mara nyingine bunduki. Waingereza walipotaka kutumia magari ya kukokotwa na ng'ombe waligongana na mbung'o. Katika nyika ya kati ya pwani na Ukambani, ng'ombe na farasi waliugua nagana wakafa njiani, na barabara ambayo William Mackinnon wa kampuni ya Imperial British East Africa alianza kuikata mwaka 1890 haikuweza kuwaondoa wapagazi katika kazi yao. Kampuni hiyo hiyo ilijaribu pia reli nyembamba. Ilitandika maili chache tu, ikaacha. Vyuma vyake vilifukuliwa vikalazwa katika mitaa ya Mombasa, na juu yake vikapita vigari vidogo vyenye kiti cha mbao na paa la turubai. Mzungu alikaa kitini. Waafrika wawili walisukuma kwa nyuma, wakikimbia. Vigari hivyo viliendelea hadi miaka ya 1920. Gurudumu lilikuwa limefika, lakini nguvu ya kulizungusha ilibaki ile ile ya mpagazi.

Reli kubwa ilifika Nairobi mwezi Mei 1899. Karibu Wahindi 32,000 walikuwa wameletwa kwa mkataba kuijenga, na wapatao 6,700 kati yao walibaki nchini kazi ilipokwisha. Miongoni mwa waliobaki, na waliowafuata baadaye kwa hiari yao, walikuwamo maseremala na wahunzi, hasa Masingasinga wa jamii ya Ramgarhia ambao useremala na uhunzi ulikuwa urithi wa ukoo. Wao ndio walioweka karakana za kwanza mjini. Katika bandari ya Mombasa na katika maduka ya Nairobi kukaonekana magari ya mahamali: jukwaa zito la mbao, magurudumu ya mbao yenye njiti, na pete ya chuma ikivishwa ikiwa moto ili ipoapo iibane mbao. Gari hilo lilikuwa zito hata kabla ya kupakiwa, na kwenye barabara ya matope lilizama.

Kisha vikaja vita vya 1914.

Waingereza waliingia Afrika Mashariki ya Kijerumani wakiwa na bunduki za kutosha na malori machache, katika nchi ya mbung'o na mvua kubwa. Jeshi likahitaji wabebaji, na kikosi kilichoitwa Carrier Corps kikaundwa chini ya afisa Oscar Watkins. Mwanzoni waliandikwa kwa maelfu. Mwaka 1917 ukafanyika msako mkubwa wa kulazimisha, machifu wakatakiwa kutoa vijana wao, wilaya baada ya wilaya. Waliopelekwa walibeba unga, risasi na majeruhi kuvuka mito na vinamasi. Waliuawa zaidi na malaria, kuhara damu na chakula kibaya kuliko risasi; wengi walipewa unga ambao matumbo yao hayakuuzoea, ukiwa haukusagwa wala kupikwa vizuri. Wanahistoria wanakadiria kuwa wabebaji waliokufa kutoka Kenya pekee walizidi 40,000. Mishahara ya maelfu ya marehemu hao haikuzifikia familia zao kamwe. Ukipita Kenyatta Avenue katikati ya mji utaona sanamu tatu za shaba zilizowekwa mwishoni mwa miaka ya 1920 kuwakumbuka Waafrika waliohudumu katika vita hivyo, na mmoja wa watatu hao ni mbebaji asiye na bunduki. Watu hupiga picha hapo kila siku. Ningependa kila anayepiga picha ajue kwamba yule hakujitolea.

Kambi ya wabebaji hao Nairobi ilikuwa upande wa mashariki wa mji, ng'ambo ya bonde la mto. Vita vilipokwisha, mahali pale pakabaki na jina la kikosi, na kwa matamshi ya wenyeji pakawa Kariokor. Dar es Salaam wanayo Kariakoo kwa sababu hiyo hiyo. Leo Kariokor ni soko la vyondo, viatu vya ngozi na nyama choma, na wengi wanaokula pale hawana habari kwamba wanakaa juu ya kambi ya wapagazi. Lakini ukitazama ramani, utaona kwamba Eastlands yote imeota kuzunguka kambi hiyo. Pumwani ilipimwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kuwa mahali rasmi pa Mwafrika kuishi mjini. Pangani, kijiji cha zamani zaidi, kilibomolewa 1938 na 1939, na waliohamishwa wakapelekwa Shauri Moyo. Ziwani na Starehe zikafuata; Muthurwa ilikuwa ya wafanyakazi wa reli. Kaloleni ikajengwa miaka ya 1940 kwa mawe na vigae, na wafungwa wa vita wa Kiitaliano wakatumika katika ujenzi wake. Baada yake zikaja Bahati, Mbotela, Ofafa, Maringo, Jericho, Jerusalem. Ardhi iliyochaguliwa ilikuwa ile ya chini, yenye udongo mweusi unaonata mvua inaponyesha na kupasuka wakati wa kiangazi. Maeneo ya juu yenye udongo mwekundu na miti yalikuwa ya Wazungu.

Jambo moja katika nyumba hizo ndilo lililoamua mkokoteni utazaliwa wapi. Zilipangwa kuwa vitanda vya watu wanaofanya kazi mahali pengine. Chumba kimoja, wanaume watatu au wanne, choo na bomba vya pamoja, na sheria zilizokataza kufanya biashara au ufundi nyumbani. Mwanamume Mwafrika alitembea na kipande shingoni ndani ya kikopo cha bati, akitakiwa kuonyesha ni nani aliyemwajiri. Mtu aliyetaka kujifanyia kazi kwa msumeno na nyundo yake hakuwa na pa kuiweka benchi. Alibaki na nafasi moja tu: vichochoro na kingo za Mto Nairobi, kati ya mitaa ya makazi na mji wa Wahindi. Huko ndiko Gikomba ilikokaa hadi leo.

Ufundi wenyewe ulipatikana kwa njia kadhaa. Njia pana kuliko zote ilikuwa karakana ya Mhindi. Baada ya vita vya kwanza, motokaa nyingi ziliingia nchini zikiwa chasisi tupu, na maseremala wa Nairobi wakazijengea bodi za mbao: kuta za ubao hadi kiunoni, waya au pazia la turubai juu, sehemu ya nyuma pana ya kuwekea hema, vyakula na bunduki. Walowezi na wawindaji walizitegemea kwa safari za porini, na mvua ilipowakuta walilala ndani yake. Kama Kenya imewahi kuwa na gari la mbao la kulala porini, ndilo hilo, na liliundwa mjini hapa hapa. Katika karakana hizo palikuwa na msaidizi Mwafrika aliyeshika ubao, akapiga randa, akapasha chuma, akatazama. Jioni alirudi Pangani au Pumwani na kipimo cha kila kiungo kichwani mwake. Mtafiti Kenneth King, aliyekaa na mafundi wa Nairobi na kuandika kitabu juu yao mwaka 1977, alionyesha wazi kwamba ufundi wa Gikomba ulipita kwa kiasi kikubwa katika mikono ya Wahindi kabla ya kufika kwa Waafrika, bila shule na bila cheti.

Njia ya pili ilikuwa Kabete, ambako serikali ilifungua katika miaka ya 1920 chuo cha kufundisha vijana wa Kiafrika useremala, uashi na uhunzi. Ya tatu ilikuwa vita vya pili vya dunia. Maelfu ya vijana wa King's African Rifles na vikosi vya uchukuzi walipelekwa Abisinia, kisha Burma mwaka 1944, na huko baadhi yao wakafundishwa kuendesha na kutengeneza malori. Waliporudi walikuta leseni na mikopo havijawekwa kwa ajili yao. Soko lililo karibu na Shauri Moyo linaitwa Burma hadi leo kwa sababu ya wanajeshi hao.

Hali ya Hatari iliyotangazwa 1952 ilivunja mengi. Katika Operesheni Anvil ya Aprili 1954 jeshi liliuzingira mji, likawapekua wakazi wa Eastlands mtaa kwa mtaa na kuwapeleka makumi ya maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru vizuizini. Mafundi wengi walikuwa miongoni mwao. Benchi ziliachwa wazi, na wengine wakazishika.

Uhuru ulifungua mlango kwa pande mbili. Vizuizi vya kuingia mjini vilikwisha, na watu wakaja. Hesabu ya mwaka 1969 ilikuta wakazi wa Nairobi wakizidi kidogo laki tano. Ile ya 1979 ikakuta zaidi ya laki nane. Wakati huo huo sheria ya leseni za biashara ya 1967 iliwabana Wahindi wasiokuwa raia, na wengi wakaondoka 1968. Karakana zilifungwa au zikapata wenyewe wapya, na wasaidizi wa zamani wakatoka nje na vifaa vichache, wakakaa chini ya jua kando ya mto. Pipa la mafuta likawa jiko, mkebe ukawa koroboi, chuma cha kitanda kikawa keria ya baiskeli. Na motokaa zilizokufa, zikiwa nyingi kuliko wakati wowote uliotangulia, zikatoa kitu ambacho gari la hamali la kale halikuwa nacho: ekseli ya chuma yenye beringi, ringi, na tairi la hewa.

Naona hapo ndipo lilipotokea badiliko kubwa kuliko yote katika historia hii, ingawa halina tarehe wala halina sherehe. Gurudumu la mbao lenye pete ya chuma lilidai mabega ya watu wanne kwa mzigo ambao, juu ya tairi zilizojazwa hewa sawasawa na beringi zenye grisi, mtu mmoja anauondoa mahali pake akitumia uzito wa mwili wake. Hakuna mhandisi wa serikali aliyechora mchoro. Gari lilibadilika kwa sababu vitu vitatu vilikutana mahali pamoja: mbao za mashamba ya misitu, chuma chakavu, na vijana wasio na ajira waliokuwa na nguvu.

Mbao nazo zina historia yao. Mkaratusi uliletwa mwaka 1902 ili utoe kuni za garimoshi, ukakubali ardhi ya nyanda za juu kuliko ilivyotarajiwa. Saiprasi, mti wa asili ya Meksiko, ulipandwa kwa wingi katika karne ya ishirini kuziba pengo la mtarakwa na miti mingine ya asili iliyokuwa ikikatwa kwa kasi. Wakulima walioruhusiwa kulima kati ya miche walipalilia misitu hiyo. Kwa hiyo mkokoteni ulioegeshwa Landhies Road umebeba reli ya Waingereza katika mbao zake za mkaratusi, hata kama anayeuvuta hafikirii hivyo.

Sasa kazi yenyewe. Fundi huanza na ekseli, kwa maana yote yanayofuata hupimwa kutoka hapo. Ataitafuta Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, au kwa wanaovunja magari Kariobangi. Ataining'iniza na kuzungusha gurudumu kwa mkono huku akisikiliza. Beringi iliyochakaa hukwaruza. Iliyo nzima hunong'ona tu. Akiridhika, anaiosha kwa mafuta ya taa, anaipaka grisi mpya na kuifunga. Tairi hazihitaji kuwa na meno, ila sharti ziwe na kuta imara, kwa sababu zitajazwa hewa nyingi kuliko za motokaa ili zisibonyee chini ya mzigo. Tairi laini humla hamali nguvu zake barabara nzima.

Kisha mbao mbili ndefu, ambazo ndizo uti wa mgongo wa gari. Zinaanzia mkiani, zinapita juu ya ekseli na kuendelea mbele hadi zinakuwa mikono, mwishoni zikaunganishwa na mti au bomba la kukingama. Hamali husimama ndani ya pembe nne hiyo, bomba likiwa mbele ya kifua chake. Wengi hupenda mkaratusi kwa hizi mbili, kwa sababu hunyumbuka bila kuvunjika. Mkokoteni wa kawaida hauna springi, na kunyumbuka kwa mbao ndiko kunakomeza mashimo ya barabara. Mbao za kukingama hufuata, kisha za kulaza juu, ambazo zaweza kuwa saiprasi kwa wepesi wake, mradi zisiwe na vifundo vingi. Mahali penye kuvutana panatiwa bolti na nati. Misumari huachiwa sakafu, ikapigwa hadi itokeze chini na ncha yake kupindwa ili mtikisiko usiitoe. Ekseli hubanwa kwa vyuma vilivyokunjwa na kuchomelewa Kamukunji, na katikati yake na ubao huwekwa kipande cha mti mgumu ili bolti zisile mbao.

Palipo na siri ya fundi ni mahali pa kuweka ekseli. Ikikaa katikati kabisa, mzigo ukisogea shubiri moja nyuma, mikono inaruka juu na kumwinua hamali kutoka ardhini, na gari linamshinda. Ikikaa nyuma mno, uzito wote unamlalia mikononi. Huwekwa nyuma kidogo ya katikati ya jukwaa, na yanayobaki ni kazi ya mpakiaji: vizito vikae juu ya ekseli, vyepesi viende mkiani, na mbele pabaki na uzito kiasi cha kushikika kwa mikono miwili. Fundi mzuri hukataa kumkabidhi mteja gari kabla ya kulijaribu na mzigo. Nimewaona wakipakia magunia ya mchanga na kulitembeza mara kadhaa, kisha kulegeza bolti na kuisogeza ekseli upana wa vidole viwili tu, na tofauti ikaonekana.

Mwisho hutiwa breki. Chini ya mkia wa mkokoteni wa Nairobi kuna kipande kinene cha tairi kuukuu kilichopigiliwa kwa misumari. Barabara ikiteremka, hamali huinua mikono ya gari juu, anaegemea nyuma, mkia unashuka na mpira unakwaruza lami hadi gari linapunguza mwendo. Ni breki isiyo na kamba wala pedali, inayobadilishwa kwa misumari sita ikichakaa. Nimetafakari sana juu ya kipande hicho. Waliokibuni ni watu ambao kosa la breki lingewaua wao wenyewe, na kila anayeshuka kuelekea Gikomba akiwa na nusu tani mgongoni anaukabidhi uhai wake kwa mpira huo.

Kuvuta nako ni ujuzi. Kupanda mlima hufanywa kwa kukata kona, upande huu na ule, ili mwinuko upungue, na mara nyingi kuna kijana wa kusukuma nyuma anayelipwa kidogo kwa mlima ule tu. Mitungi 20 ya lita 20 ni kilo 400 za maji, bila kuhesabu mbao na chuma, na ndiyo shehena ya kawaida ya muuza maji mabomba yanapokauka Umoja au Kayole. Wengi wanaovuta si wenye gari. Hulikodi kwa siku, na kodi hiyo hutolewa kwanza, kazi iwepo isiwepo. Anayefaulu kuweka akiba hununua wake, huuandika jina au msemo mkiani kwa rangi, na pengine baadaye hununua wa pili wa kukodisha. Watoto wa mitaa hii nao huunda vigari vya mbao kwa beringi zilizotupwa, wanateremka navyo vichochoro vya Jericho na Maringo kwa kelele inayosikika mtaa wa pili. Wengi wa mafundi walianzia hapo.

Serikali ilichelewa sana kuwaona. Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani, ulioongozwa na Hans Singer na Richard Jolly, ulitoa ripoti juu ya ajira Kenya iliyosema wazi kwamba watu hawa wa pembeni walikuwa wakizalisha, wakifundishana na kuajiriana, na kwamba kuwabomolea ni hasara kwa nchi. Ripoti hiyo ilisomwa dunia nzima. Eastlands ubomoaji uliendelea. Mwaka 1985 Rais Daniel arap Moi alifika Kamukunji, akawakuta mafundi wakigonga mabati juani, akaamuru wajengewe vibanda vya kuwakinga; mabanda hayo bado yapo, na sauti ya nyundo chini yake haikatiki mchana kutwa. Mwaka uliofuata waraka wa serikali kuhusu uchumi uliwataja mafundi wa jua kali kuwa sehemu ya maendeleo, na wa 1992 ukawahusu wao moja kwa moja. Hayo yalikuwa mafanikio ya kweli, na sitaki kuyapunguza. Lakini yaliwafaa zaidi waliokuwa na mahali pa kukaa. Hamali, ambaye mahali pake ni barabara, aliendelea kukimbizana na askari wa kanjo, yaani wa halmashauri ya jiji, na mkokoteni uliokamatwa uliweza kurundikwa uani hadi mbao zikaoza, mwenyewe akiwa hana faini ya kuukomboa.

Siasa ilimkumbuka baadaye. Kuelekea uchaguzi wa 2022 chama cha UDA kilichukua wilbaro kuwa alama yake, na William Ruto, mgombea wake wa urais, aligawa mikokoteni na wilbaro kwa vijana, akisema kwa jina lao mikutanoni. Ni haki kusema kwamba hapo awali hakuna mgombea mkuu aliyewahi kuwaweka mbele namna hiyo. Ni haki pia kudai kwamba anayewekwa kwenye bango apewe njia ya kupita barabarani, mahali pa kuegesha, na choo Marikiti saa tisa za usiku.

Wakati huo mafundi walikuwa na shida ya mbao. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu yake, na marufuku hiyo ikarefushwa mara kwa mara hadi Rais Ruto alipoiondoa Julai 2023. Katika miaka hiyo Gikomba ilitegemea misonobari ya Tanzania na miti ya mashamba ya watu binafsi, mingine ikiwa imekatwa ikiwa michanga na haijakauka. Mbao mbichi hujikunja ikishapigwa bolti. Mafundi walijifunza kuanika wenyewe, wakiziegemeza ukutani kwa majuma, kwa gharama ya nafasi ambayo hawakuwa nayo. Usiku wa tarehe 28 Juni 2018 moto ulioanzia kwenye eneo la mbao Gikomba uliwaua watu 15. Soko hilo limeungua mara nyingi kabla na baada ya hapo, na kila mara wenye vibanda wamerudi kujenga juu ya majivu.

Mvua za Aprili na Mei 2024 zilipofurika mito ya Nairobi, serikali iliamuru majengo yote yaliyo ndani ya mita 30 kutoka ukingoni yaondolewe, na tingatinga zikapita katika mitaa ya kandokando ya maji. Watu waliokuwa na saa chache za kuokoa mali yao waliita mikokoteni. Magodoro, mabati, masufuria na milango iliyong'olewa vilipakiwa vikapelekwa kwa jamaa, na waliokuwa na mbao waliziokoa kwanza, kwa sababu mbao ndiyo nyumba ya kesho. Bodaboda na tuktuk zimechukua sehemu ya mizigo midogo ya Eastlands, na hamali anaijua hasara hiyo kwa jina la kila mteja aliyempoteza. Mizigo mikubwa ya karibu bado ni yake. Anayetaka kuunda gari jipya atawapata mafundi kando ya Gikomba wakiwa na benchi zao, ekseli zimeegemezwa ukutani kwa ukubwa wake, naye ataulizwa kwanza atabeba nini, kisha atabeba kutoka wapi hadi wapi, kwa sababu gari la maji ya Kayole haliundwi sawa na gari la viazi vya Marikiti.